Kasuku na mkasi: habari ya ndege wa Walikale katika nyumba za Rubaya

Katika mikutano ya kutayarisha kijitabu hiki, swali moja lilirudi mara tatu, na kila mara lilileta kelele kuliko swali la mahari ao la mipaka ya mashamba. Swali ni hili: mtu anayefuga kasuku nyumbani, amkate mabawa ao amwache vile alivyo? Wengine wetu walicheka. Walisema: "Iyo haiko mambo ya mila, iko mambo ya watoto." Lakini tulivyoendelea kuzungumza tuliona kwamba kila nyumba ya kwetu iliyo na kasuku imekwisha kujibu lile swali, na karibu zote zimejibu kwa mkasi ao kwa wembe, bila kuuliza nani alitufundisha. Jambo ambalo watu wote wanalifanya bila kuuliza, sisi tunaliita desturi. Na kila desturi ina siku ilipoanza.

Tuanze na ndege mwenyewe. Kasuku tunayemzungumzia ni yule wa rangi ya majivu mwenye mkia mwekundu, ambaye wataalamu wanamwita Psittacus erithacus tangu Mswidi Linnaeus alipomwandika kitabuni mwaka wa 1758. Huyu si ndege wa Rubaya. Rubaya ni baridi, ni milima ya majani, ng'ombe, maharagi, viazi na mikaratusi. Kasuku anataka pori la chini lenye miti mirefu na ya zamani, kwa sababu hajengi kiota cha majani kama ndege wengine. Anaingia katika tundu la mti, mara nyingi juu sana, na kutaga mayai yake humo. Tena anataka miti ya ngazi, juu tunda la mawese ndilo chakula anachokipenda kuliko. Ukiteremka kutoka Masisi, ukapita Nyabiondo kuelekea Walikale, baridi inapungua, malisho yanaisha, na pori linakufunika. Pale njo kwao.

Hatuna maana kwamba Masisi haikuwa na pori. Lilikuwako, na kubwa. Lakini mwaka wa 1937 serikali ya Wabelgiji ilianzisha kazi ya kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta huku kwetu, upande wa Gishari na penginepo, na kazi ile iliendelea mpaka 1955. Mashamba ya wakoloni yalifunguliwa, pareto ikapandwa, kisha malisho yakaenea kilima kwa kilima, ndipo Masisi ikajulikana kwa ng'ombe na kwa jibini kuliko kwa miti. Hayo yana mabishano yake ambayo si ya ukurasa huu. Tunataka tu msomaji ajue kwamba mtoto aliyezaliwa Rubaya anaweza kuzeeka bila kuona kundi la kasuku angani hata siku moja. Kasuku anayemjua yeye ni mmoja, amesimama juu ya kijiti kwenye barza ya jirani, na bawa lake limekatwa. Kwa huyo mtoto, kasuku ni ndege asiyeruka, kama kuku.

Wenye kukaa Walikale wanajua sura ingine. Jioni kasuku wanarudi kulala pamoja, makumi kwa makumi, na mahali penye miti mikubwa wanafika mamia. Wanapiga mluzi, wanaitana, wanajibizana, na kelele yao inasikika kabla ya kuwaona. Ndege huyu hakai peke yake. Dume na jike wanashikamana kwa muda mrefu, na mayai yao ni machache, matatu ao manne hivi, hata matano. Jike analalia kadiri ya mwezi mmoja, na kinda anakaa tunduni karibu majuma 12 mbele ya kutoka kuruka. Tafazali msomaji ashike ile hesabu ya majuma 12, tutairudia.

Jina lake limetembea kama yeye. Kiswahili kinasema kasuku, Kinyarwanda kinasema gasuku, Kikongo cha kule magharibi kinasema nkusu. David Livingstone, alipokaa katika nchi ya Manyema kati ya 1869 na 1871, aliandika katika daftari zake kwamba kasuku wenye mkia mwekundu walikuwa wengi sana huko. Wakati ule misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa ikitafuta pembe za ndovu, na watu. Ndege hakuwa mali iliyowatoa Zanzibari mpaka Nyangwe.

Sasa tuulize: kabla ya mkasi, watu wa pori walitaka nini kwa kasuku? Katika Kongo nzima jibu linaonekana juu ya kofia. Wamangbetu na Wazande wa Uele walipamba kofia zao kwa manyoya mekundu ya mkia wa kasuku. Wakuba wa Kasai vilevile, na kwao unyoya ule ulikuwa alama ya cheo, hauvaliwi na kila mtu. Hata mbali huko Nijeria, Wayoruba wanalihesabu unyoya lile jekundu kuwa kitu cha wafalme na cha ibada. Kwa hiyo kitu cha thamani kilikuwa mkia. Na mkia una tabia yake: ndege anapobadilisha manyoya, unyoya mwekundu unaanguka chini ya mti anapolala, mtu anaokota. Ao anampiga mshale na kumla, kisha anabaki na mkia. Hatusemi kwamba watu wa zamani walikuwa na huruma kuliko sisi. Walimuua kasuku kama walivyoua ndege wengine. Lakini anayetaka mkia hana haja na bawa. Ndege akiwa hai, bawa ni lake. Akiwa amekufa, bawa halina kazi.

Mambo yalibadilika siku watu walipotaka sauti.

Hapo ndipo tunaona mkono wa wakoloni, ingawa kupenda kasuku anayesema ni kitu cha zamani kuliko wao. Ulaya walimjua huyu ndege mapema, kwa njia ya bahari ya magharibi. Katika kanisa la Westminster huko London wameweka mpaka leo kasuku wa majivu aliyekaushwa, aliyekuwa wa bibi mkubwa mmoja, Duchess wa Richmond, aliyekufa mwaka wa 1702. Watu husimulia kwamba ndege alimfuata bibi yake baada ya siku chache. Basi, Wazungu walipofika kukaa Kongo, ofisa wa posta, mtu wa kampuni, padri na bibi wa mwenye shamba wote walitaka kasuku kwenye barza, wa kupiga mluzi, kuita mpishi na kutukana mgeni. Wengine waliporudi kwao walimbeba melini. Na mwenye kutaka sauti ana shida ambayo mwenye kutaka mkia hakuwa nayo: lazima ndege awe hai, awe karibu, na akae miaka mingi. Kasuku aliyetunzwa vizuri anaweza kufika miaka 40, na wengine 60. Kati ya mwenye nyumba na ile sauti kuna kitu kimoja tu kinachomsumbua, nacho ni bawa.

Tunasema hivyo kwa sababu katika mikutano yetu mzee mmoja alisisitiza kwamba kukata bawa ni urithi wa mababu. Tulimheshimu, lakini hatukukubaliana naye. Kukata bawa la kuku ili asiruke uzio, ndiyo, hilo lina umri. La kasuku limekuja na haja ya sauti, na kwetu milimani limekuja na barabara.

Maana baada ya Uhuru biashara haikupungua, ilizidi. Mapatano ya Washington juu ya biashara ya wanyama na mimea ya pori, ambayo wengi wanayaita CITES, yalitiwa sahihi mwaka wa 1973, na Zaire iliingia mwaka wa 1976. Tangu 1981 kasuku aliandikwa katika orodha ya pili, maana yake anaweza kuuzwa inje, lakini kwa hati na kwa kipimo. Kipimo kikawekwa. Katika miaka iliyotangulia 2016, Kongo ilikuwa na ruhusa ya kutoa kasuku 5,000 kwa mwaka, na uchunguzi ulionyesha kwamba waliotoka walipita ile hesabu. Kati ya 1982 na 2001 peke yake, kasuku wa pori zaidi ya 600,000 kutoka nchi zote wanakoishi waliuzwa kwa hati duniani. Waliouzwa bila hati hawamo, na waliokufa njiani hawamo.

Na wanakufa wengi. Wenye kuchunguza jambo hilo wanakadiria kwamba karibu nusu, pengine kuliko nusu, hawafiki sokoni. Hata wenye hati hawakuwa salama. Siku ya tarehe 24 Desemba 2010, kasuku karibu 700 waliokamatwa katika pori la Kongo walikufa ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Johannesburg kwenda Durban, safari ya saa moja tu. (Kiswahili chetu kinaita chombo na mnyama kwa jina moja, ndege. Siku ile ndege ilifika na ndege hawakufika.)

Sasa tufike penye mkasi wa kwanza. Watu wa mjini wanafikiri kwamba wao ndio wanaoamua: wamenunua kasuku, wamekaa chini, baba na mama wamejadiliana, wameleta mkasi. Si kweli. Mara nyingi ndege anayefika Rubaya, Goma ao Bukavu amekwisha kukatwa porini, ao manyoya yake yameng'olewa, ao bawa limejaa ulimbo mpaka halifunguki. Uamuzi ulifanywa na mtu aliyepanda mti.

Namna ya kuwinda ni hii. Wawindaji wanatafuta mti ambao kasuku wanalala, ao mahali penye uwazi porini wanapoteremka kunywa na kula udongo wenye chumvi. Wanaye kasuku mmoja wa zamani, wa kuita wengine. Huyu amekatwa bawa vizuri, amefungwa mguu, wanampandisha juu kabisa ya mti. Kuzunguka yeye wanaweka vijiti vilivyopakwa ulimbo. Asubuhi kundi linapita. Yule aliyefungwa anasikia sauti za ndugu zake na anaita. Wao wanamsikia mwenzao aliye peke yake, wanageuka, wanatua. Anayetua kwenye ulimbo haondoki tena. Anapiga mabawa, na kadiri anavyopiga ndivyo anavyonasa. Wawindaji wanapanda, wanawabandua, wanawakata, wanawatia katika vikapu. Wengine hawangoji kundi, wanapanda mpaka tunduni na kutoa makinda, juu wateja wanataka mtoto: mtoto anajifunza maneno upesi.

Tulikaa muda mrefu juu ya habari ya yule kasuku mwenye kuita, na tunamwomba msomaji akae nasi kidogo. Huyo ndiye wa kwanza kukatwa bawa katika historia hii. Hakukatwa ili asimpotee bwana wake tu. Alikatwa ili sauti yake ifanye kazi. Ni ndege wa kundi, na bila kundi hawezi kunyamaza. Kasuku wetu wa kwenye barza, aliyekatwa, anayeita asubuhi nzima mpaka majirani wanachoka, anafanya kitu kilekile. Sisi tunacheka na kusema, "Sikia vile anasema muzuri." Kama kundi lingepita juu ya Rubaya lingemjibu. Lakini kundi halipiti Rubaya.

Namna gani alifika kwetu? Kwa njia ileile ya mawe. Mwisho wa mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipanda sana duniani, na Rubaya, iliyokuwa kijiji cha wafugaji na walimaji, ikajaa watu: wachimbaji, wauzaji, waaskari, wapishi, wenye maduka. Walikale nayo ilikuwa na kasiteriti ya Bisie, mpaka ndege zikawa zinatua juu ya lami kule Kilambo kuchukua magunia. Penye mali ya mawe, mtu mwenye mkono mwepesi anabeba kitu kingine pembeni. Kasuku alikuwa kitu kile. Alikuja katika kikapu, katika karto iliyotobolewa mashimo, nyuma ya pikipiki. Mwenye kupata franga nyingi kwa haraka anataka kuonyesha, na kasuku anaonyesha vizuri kuliko redio, kwa sababu anataja jina la mwenye nyumba. Miaka ile tuliwaona mbele ya nganda, mbele ya maduka ya kununua mawe, na katika parsele za watu wa kawaida pia. Karibu wote walikuwa wakitembea chini.

Baada ya miezi kadhaa ndipo uamuzi wa kweli unafika nyumbani. Manyoya yanaota. Unyoya uliokatwa haukui. Unabaki kigutu mpaka wakati wa kubadilisha, kisha unaanguka na mpya unatoka mahali pake. Kasuku habadilishi yote kwa siku moja, anabadilisha moja moja, na kazi nzima inaweza kuchukua mwaka hata kupita. Siku moja bibi wa nyumba anaona ndege ameruka kutoka kijiti mpaka juu ya kabati. Wote wanapiga makofi. Jioni baba anasema: "Leta mkasi."

Tueleze basi kitu gani kinakatwa, juu wengi wanakata bila kujua. Kila bawa lina manyoya marefu 10 kwenye ncha, hayo ndiyo yanayomsukuma mbele. Kwetu desturi ni kukata upande mmoja, kwa sababu watu waliona kwamba ndege wa upande mmoja anazunguka na kuanguka, basi wakasema dawa imefaa. Imefaa kwa kumwangusha. Kasuku si ndege mwepesi kama kijogoo cha shamba. Anafika karibu nusu kilo, na akianguka kutoka kijitini juu ya sima anapiga kifua. Mfupa wa kifua unapasuka, na ngozi ya pale haiponi upesi, kwa kuwa kila anapojaribu tena anaangukia palepale. Waganga wa wanyama wanaokubali kukata wanasema kama ni lazima, kata pande mbili sawasawa, kata kidogo, ili ndege ateremke polepole badala ya kuanguka kama jiwe. Tena unyoya mpya, ungali katika ganda lake, una damu ndani. Ukiukata huo, damu inatoka na haikomi kwa urahisi. Tumeona kasuku waliokatwa kwa wembe na mtoto wa miaka 12, aliyetumwa na wazazi kama anavyotumwa kuchoma takataka.

Na zile hesabu za majuma 12. Kinda aliyetolewa tunduni mbele ya kumaliza majuma yale, kisha akakatwa, hajapata kuruka hata mara moja. Hakupoteza kuruka, hakukupata. Wenye kufuga ndege hata kule Ulaya, wanaokata bila aibu, wengi wao wanakubali siku hizi kwamba kinda aachwe kwanza ajifunze kuruka, juu asiyejifunza anabaki mwoga na mzito maisha yake yote. Kuna wengine wanaanza kujing'oa manyoya ya kifua mpaka wanabaki uchi kama kuku wa kupikwa. Sababu za ugonjwa ule ni nyingi, upweke mbele ya zote, na hatuwezi kutupia mkasi kila kosa. Lakini ndege asiyeweza kuondoka mahali anapoogopa ana njia ngapi za kutoa woga wake?

Mabishano yetu yalikuwa na watu wenye akili pande zote, na itakuwa vibaya kuwafanya wale wa mkasi kuwa watu wakatili. Mama mmoja alisema neno ambalo lilitunyamazisha. Nyumba ya Rubaya ni vyumba viwili, mbabula inawaka katikati, sufuria ya bugali inachemka, mlango uko wazi mchana kutwa kwa sababu watoto wanaingia na kutoka. Kasuku mwenye mabawa mazima ataruka ndani ya ile sufuria. Ao atatoka inje, na inje ni nini? Milima mitupu, hakuna ngazi, hakuna kundi, kuna baridi ya usiku, kuna watoto wenye manati na kuna mwewe. Akasema: "Wewe unasema kumuacha njo kumupenda. Mimi naona kumuacha njo kumuua." Hili ni jambo la kweli. Wanaoandika katika vitabu vizuri juu ya ndege anayeruka ndani ya nyumba wana nyumba zenye vioo na vyumba sita.

Mwingine alijibu kwamba ndege aliyekatwa hakosi kutoka. Anatoka kwa miguu, na kwa sababu bawa linabakiza nguvu kidogo, upepo wa Masisi unaweza kumbeba mpaka mtaa wa pili. Kisha hawezi kupanda mti, na mbwa anamkuta chini. Tunajua kasuku zaidi ya mmoja waliokufa hivyo, na wenye nyumba walishangaa juu walidhani mkasi ni kufuli.

Lakini lililotugeuza wengi wetu halikuwa sufuria wala mbwa. Ni vita. Rubaya imekimbiwa mara nyingi. Mwisho wa Aprili 2024 M23 waliichukua, na kabla ya hapo mji ulikuwa umepita mkono wa huyu na wa yule, na kila mara njia ya Sake na Goma ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Siku ya kukimbia mtu anahesabu watoto, anachukua sufuria, unga, nguo, karatasi za shule. Mwenye mbuzi anakata kamba. Mwenye kuku anafungua kibanda. Mwenye kasuku anafanya nini? Wengine walijaribu kumbeba begani, na mlio wa kwanza wa bunduki ulimfanya aanguke njiani kati ya miguu ya watu. Wengine walimwacha juu ya kijiti na kikombe cha maji. Yule mwenye mabawa, hata kama milima ni mitupu, anaweza kupanda mti na kuelekea magharibi, mahali pori lilipo. Hatusemi atafika. Kutoka Rubaya mpaka pori la Walikale si mbali kwa ndege, lakini ni mbali kwa ndege aliyekaa miaka 5 chumbani. Aliyekatwa hana hata hiyo nafasi ndogo. Katika nchi yetu ambapo mwenye nyumba hajui kama atalala ndani yake wiki ijayo, kukata bawa ni kumwahidi ndege kwamba utakuwepo. Nani Rubaya anaweza kutoa ahadi ile?

Kwa hiyo sisi tunaona hivi: asikatwe. Na asinunuliwe mwingine, kwa sababu nusu ya jambo iko pale. Kila anayenunua mmoja anamlipa mtu wa ulimbo apande tena.

Sheria nayo inasema. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ile ya kulinda viumbe vya pori, namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, zinataka hati kwa mwenye kushika mnyama anayelindwa. Huko Johannesburg, mwaka wa 2016, nchi za mapatano ya Washington zilimpandisha kasuku katika orodha ya kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa pori imekatazwa. Mwaka uleule wa 2016 aliandikwa kati ya wanyama walio katika hatari ya kuisha. Ghana, nchi iliyokuwa nao wengi, imepoteza karibu wote. Watu wa Walikale watasema, "Bado tunawasikia jioni." Waghana pia walisema vile.

Wenye kasuku aliyekwisha kukatwa watauliza wafanye nini leo, na swali lao ni zuri kuliko yote. Kumfungulia dirisha siyo jibu. Kule Lwiro, Kivu ya Kusini, kuna kituo kilichoanza mwaka wa 2002 kati ya ICCN na watu wa utafiti wa CRSN, katika majengo ya zamani ya IRSAC ya Wabelgiji. Kilianza kwa sokwe yatima, lakini kasuku waliokamatwa mikononi mwa wachuuzi wanapokelewa pia. Katika vituo vya namna ile, Afrika yote, kazi kubwa ya kwanza ni kungoja manyoya. Ndege anaoshwa ulimbo, anawekwa na wenzake katika kibanda kikubwa, analishwa matunda ya ngazi, na mara nyingine vigutu vinang'olewa kimoja kimoja na mganga wa wanyama ili mapya yaote upesi. Kisha anajifunza kuruka, kwa sababu misuli ya kifua imelala. Wengine wanangoja mwaka na zaidi. Hakuna anayefunguliwa peke yake. Wanatoka kwa kundi.

Njia ya kutoka Rubaya kufika Lwiro imekuwa ngumu tangu Goma ilipoanguka mwisho wa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, na hatumwambii mtu apite na kapu la ndege mbele ya bunduki. Anayebaki naye nyumbani kwa sasa aanze na kidogo. Aweke kijiti chini, si juu ya sima bali juu ya gunia ao majani makavu. Ampe ngazi, karanga, mahindi mabichi, si biskuti na bia kama tulivyozoea kuona kwenye nganda. Kama jirani naye ana mmoja, wawaweke pamoja, hata kama watasema maneno machache kwa watu. Jioni mlango ukifungwa, ndege aachwe ajaribu bawa lake chumbani, dakika chache, na mbabula itolewe inje kwanza. Na ahesabu: manyoya 10 upande huu, 10 upande ule. Mpaka yatimie, ule mkasi ukate kitambaa.